Mhuri Kabla ya Jumapili

Jumamosi ile nyumba ya Bura ilikuwa na washauri wengi kuliko viti. Fomu ya chuo kikuu ilikaa mezani, imekandamizwa kwa kikombe isipeperuke, na kila aliyeingia aliiinamia, hata asiyejua kusoma. Chini kabisa palikuwa na visanduku vitatu: Ujenzi, Mitambo, Umeme. Ernestina, binti wa nyumba, alitakiwa kutia alama kwenye kimoja tu, na alama hiyo ndiyo ingemfanya awe mhandisi wa aina gani.

"Mitambo," alisema Urban, mwenyekiti wa kijiji, hata hajakaa. "Hapa hakuna mjadala. Trekta ya kijiji imelala tangu mwezi wa tatu. Huyu akimaliza masomo, anakuja kuitengeneza."

"Masomo ni miaka minne," alisema Bura. "Trekta itasubiri miaka minne?"

"Imeshazoea kusubiri."

Watu wakacheka. Bura mwenyewe alitaka ujenzi, kwa sababu ya daraja la kwenda Dongobesh ambalo kila masika lilichukuliwa na maji, na kila kiangazi kiongozi fulani alikuja kuahidi jingine. Mkewe, Hilaria, alikuwa amempakata Marko, kitinda mimba wao wa miaka miwili, ambaye siku hiyo alikuwa na mafua na macho mekundu. Hakupenda kisanduku cha tatu hata kidogo.

"Umeme unaua watu," alisema.

"Mama, umeme huo umeuona wapi?"

"Ndiyo maana bado niko hai."

Ernestina alicheka mpaka akajifuta machozi. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, amemaliza kidato cha sita, amepita jeshi la kujenga taifa, na sasa alikuwa na mwaka mmoja Idara ya Maji pale Mbulu mjini, akichora ramani za mabomba. Siku hizo za sabini na tano hukutoka shule ukaingia chuo kikuu moja kwa moja. Ulitakiwa ufanye kazi kwanza, kisha mkubwa wako wa kazi akusifie, na chama kikutambue. Sifa za mkubwa wa kazi alikuwa nazo tayari, zimepigwa taipu.

"Jamani, mimi sijui nichague kipi," aliwaambia. "Sijawahi kuona karakana yoyote zaidi ya gereji yetu yenye Landrova mbili. Ndiyo maana wametuita. Jumanne, si hii ya kesho kutwa bali ile ya wiki inayofuata, tunatembezwa chuoni, tunaona mashine, tunaongea na walimu, halafu tunasaini hapohapo. Siwezi kuchagua kitu ambacho sijakiona kwa macho."

"Na usipofika hiyo Jumanne?" aliuliza Urban.

"Nafasi anapewa wa akiba. Wako kumi na moja."

Safari yenyewe ilikuwa imepangwa vizuri. Basi la Jumapili ya wiki ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, lingemchukua hapo kijijini, barabarani. Angelala Arusha kwa masista, Jumatatu apande basi la Dar es Salaam, na huko angepokelewa na Hajira, binti wa Mzee Seifu mwenye duka Dongobesh, rafiki aliyelala naye bweni moja shuleni. Kilichobaki ni fomu: sahihi ya mzazi, sahihi ya mjumbe wa nyumba kumi, na mwisho mhuri wa tawi la TANU.

Bura alisaini palepale, polepole, ulimi nje. Mjumbe wao, Alfredi, alikuwa ameenda Haydom kumwona mgonjwa hospitali na angerudi Jumatatu. Basi wakakubaliana kwamba Ernestina arudi kazini kwake Mbulu, fomu ibaki nyumbani, na baba yake aipeleke kwa Alfredi siku hiyo ya Jumatatu. Kosa lilifanyika hapo, na wala halikuwa na sura ya kosa.

*

Jumatatu Bura hakwenda kwa Alfredi. Jumatatu Marko alikuwa amejaa vipele vya surua mwili mzima, na kufika Jumatano alasiri alikuwa amekufa.

Habari zilimfikia Ernestina Alhamisi asubuhi, zimeletwa na dereva wa lori la mchanga. Alipanda lori lilelile kurudi nyumbani. Njia nzima alilia kwa sauti, mpaka dereva akasimamisha gari pembeni, akazima injini, akamwacha alie.

Alipofika kijijini akaukuta mlango wa kwao umefungwa. Majirani walisimama kwenye milango yao, wakamwangalia, na hakuna aliyemsogelea. Severina, rafiki mkubwa wa mama yake, ndiye aliyemwonyesha kwa mkono upande wa mlimani.

"Wako kule kwenye boma lenu la zamani," alisema. "Metimani, mwanangu. Tungefanyaje?"

Asiye wa huku aelezwe. Sisi Wairaqw, nyumba ikipatwa na kifo kama hicho, waliomo hujitenga na watu. Hawaingii kwa mtu na mtu haingii kwao. Hawachoti maji mnapochota nyinyi, wala hawapokezani kitu nanyi mkono kwa mkono, mpaka miezi ipite na wazee wawafungulie. Hiyo ndiyo metimani. Si chuki, na wanaotengwa hawalalamiki, kwa sababu jirani akifiwa nao wangefanya vivyo hivyo. Zamani haikuwa kazi kubwa. Kila mtu alikuwa na mlima wake, na kisima chake hakikuwa mbali. Lakini mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imetushusha wote milimani, ikatupanga kijijini kwa mistari, nyumba na nyumba hatua ishirini, bomba moja kwa kaya sitini. Katika mpango ule, ambao nasikia ulichorwa na wasomi, hakuna aliyekumbuka kuweka mahali pa mtu kufiwa. Ndipo Bura na Hilaria wakafanya walichoweza: wakabeba mkeka na sufuria, wakapanda kwenye boma lao la zamani, ambalo mgambo walikuwa wamelibomoa paa ili wasirudi.

Ernestina alipanda mbio. Baba yake alimwona akiwa bado mbali, akasimama na kunyoosha mikono yote miwili.

"Simama hapohapo! Usije!"

"Baba!"

"Hukulala ndani siku ile. Wewe uko huru. Ukivuka ukaingia hapa umekwisha, basi la Jumapili hutalipanda."

Akasimama. Hilaria alikuwa ameketi chini, amewapa mgongo, ameegemea ukuta uliobaki nusu.

"Shikamoo, mama!" Ernestina aliita.

"Marahaba," sauti ilijibu, bila kichwa kugeuka.

"Fomu iko wapi, baba?"

Bura alikuwa nayo. Alikuwa ameihifadhi ndani ya shati, imekunjwa vizuri. Akaja nusu ya njia, akaiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma. Ndipo Ernestina akaenda kuichukua. Akaifungua. Sahihi ya mzazi ilikuwepo. Nafasi ya mjumbe ilikuwa nyeupe.

"Hukumpelekea Alfredi?"

"Mtoto alikuwa anawaka moto, Ernestina."

"Basi nitampelekea mwenyewe. Leo ni Alhamisi. Kesho napata mhuri. Bado kuna muda, baba, usiwe na wasiwasi."

Akashuka akikimbia vilevile alivyopanda.

*

Alfredi alikuwa mzee wa kanisa. Kila Jumapili alisimama mbele ya watu na kusoma kwamba tusiogope. Alipomwona Ernestina anakuja na ile karatasi, aliinuka kwenye kigoda na kurudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jiko.

"Imetoka wapi hiyo?"

"Shikamoo, mzee. Ni fomu ya chuo. Ni sahihi tu."

"Nimekuuliza imetoka wapi."

Ernestina hakujua kusema uongo. "Kwa baba."

"Ilikuwa ndani mtoto alipokufa?"

Ernestina akaificha karatasi nyuma ya mgongo.

"Mwanangu," Alfredi alisema, na masikini sauti yake ilikuwa ya upole kweli, "nina ng'ombe wawili wenye mimba na mkwe wangu anajifungua mwezi huu. Niletee karatasi nyingine, nitasaini hata mara kumi."

"Nyingine ziko Dar es Salaam."

"Sasa mimi nifanye nini?"

Ijumaa asubuhi akaenda kwenye ofisi ya tawi. Katibu, Ndugu Yahaya, alikuwa mtu wa Kondoa, kijana, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni na mhuri kwenye kopo la kahawa. Alisoma fomu mbele na nyuma.

"Sahihi ya mjumbe iko wapi?"

Ernestina akaeleza. Yahaya alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama.

"Mila potofu," alisema mwishowe. "Hizi ndizo zinazoturudisha nyuma. Karatasi ina mkosi? Karatasi?"

"Basi nipigie mhuri, ndugu katibu."

"Aa, hapana, ndugu. Mhuri unafuata sahihi. Utaratibu ni utaratibu."

Hapo ndipo Ernestina alipochoka. Mmoja alikuwa haigusi karatasi kwa sababu ya wafu, mwingine haigongi kwa sababu ya utaratibu, na wote wawili walimwita kwa upole, huyu mwanangu, yule ndugu. Akatamani kuvunja kitu. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akarudi ndani.

Yahaya alikuwa bado anaiangalia fomu. "Lakini nitakusaidia," alisema. "Nitamwita Alfredi hapa hapa ofisini. Wazazi wako wenyewe wako wapi? Nyumba namba arobaini na mbili?"

Ernestina angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema wako shambani. Kila mtu pale kijijini alijua kwamba kurudi kwenye maboma ya zamani kulikatazwa, na ndiyo maana tangu Jumatano hakuna aliyefungua mdomo mbele ya katibu, hata wale waliokuwa na kisa na Bura. Ernestina naye alijua. Lakini alikuwa na hasira, na akawafikiria wazee wake wanalala kwenye umande bila paa, na akaona kwamba hapa yupo mtu mwenye nguvu ambaye walau yuko upande wake.

"Wamefukuzwa na majirani," alisema. "Wako kule juu, kwenye boma."

Yahaya akaweka kalamu chini. "Wamerudi juu?"

"Hawana paa, ndugu katibu. Mama anaumwa."

"Kesho watalala kwao," alisema Yahaya. "Nakuhakikishia."

*

Kesho yake, Jumamosi, mgambo wanne walipanda mlima. Wazee wale walikuwa wameteremshwa na mgambo mwaka uliopita, vyombo vyao kichwani, na sasa wakateremshwa tena. Safari hii vyombo vilikuwa vichache. Bura alitembea mbele, ametazama chini. Hilaria alifuata akiwa amejifunika kanga mpaka kwenye macho, na walipoingia kijijini milango ikaanza kufungwa, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu wa mistari.

Yahaya aliitisha mkutano chini ya bendera. Akamsimamisha Ernestina pembeni yake.

"Mtazameni huyu!" alisema. "Binti yenu anakwenda kusomea uhandisi! Taifa linamhitaji! Na nyinyi mnamfukuza mama yake kama ana ukoma! Kuanzia leo, atakayewatenga watu hawa ataisaidia polisi."

Watu wakapiga makofi, maana kulikuwa na mgambo. Kisha Alfredi akaitwa mezani. Yahaya mwenyewe aliishika karatasi kwa vidole viwili pande zote, akampa Alfredi kalamu yake mwenyewe. Alfredi akasaini bila kuigusa meza, mkono umening'inia hewani, jasho likimtoka. Alipomaliza aliiacha ile kalamu ianguke chini, akaondoka bila kuaga. Mhuri ukagongwa: pu! Ernestina akaupuliza wino ukauke.

Alikuwa amefurahi, kwa nini tumfiche? Alikuwa amefurahi mpaka miguu ikawa myepesi, na kwa furaha hiyo akachukua ndoo, akamwambia mama yake, "Twende bombani, mama. Sasa hakuna wa kukuzuia."

Hilaria alikwenda shingo upande. Bomba lilikuwa na foleni ya wanawake tisa au kumi, ndoo zao zimejaa au zinakaribia kujaa, kwa maana maji yalikuwa yameanza kutoka alfajiri tu, tena kwa kudondoka. Hilaria alipofika, wote wakamgeukia. Hakuna aliyetukana. Severina ndiye aliyeanza. Akainua ndoo yake iliyojaa, akaimwaga chini, taratibu, maji yote, huku machozi yanamtoka. Akafuata wa pili. Wakafuata wengine wote, ndoo baada ya ndoo, mpaka pale chini pakawa tope. Kisha wakabeba ndoo tupu wakaondoka kuelekea mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi.

Bomba likabaki na watu wawili.

"Chota basi, mama," alisema Ernestina. Akamsogezea ndoo.

Hilaria alitazama lile tope. "Chota wewe," alisema, akarudi nyumbani.

Jioni hiyo hakuzungumza. Bura alikuwa ndiye wa kuzungumza, anazunguka nyumba nzima, anauliza mambo yaleyale. Mhuri uko sawa? Haukufutika? Jina la masista ni nani tena? Hajira anajua siku unayofika? Alikuwa amemzika mtoto kwa mikono yake siku tatu zilizopita, na hakuna mtu aliyemwona akilia. Safari hii ya binti yake ndiyo iliyomshika asianguke.

"Mama yako atakuwa sawa," alimwambia Ernestina. "Wewe nenda. Ukishaona hizo mashine, uchague unayotaka. Hata umeme."

*

Jumapili, kabla hakujapambazuka vizuri, Bura alibeba mzigo wa Ernestina, akatangulia barabarani kulizuia basi. Ernestina akaingia chumbani kuaga. Hilaria alikuwa ameketi kwenye mkeka, macho wazi.

"Mama, naondoka. Baba yuko barabarani. Barua ya idara ninayo, fomu ninayo, na mhuri unaonekana vizuri kabisa. Nikifika Arusha nitampa ujumbe dereva wa lori lolote linalokuja huku."

"Kule juu nilikuwa nalia," alisema Hilaria.

"Mama?"

"Kule juu. Hakukuwa na paa, lakini nilikuwa nalia, usiku na mchana, nikichoka nalala, nikiamka nalia. Nilikuwa nimempata mtoto wangu kidogo. Hapa siwezi. Nikikohoa tu, nyumba ya pili wananyamaza wanisikilize."

"Nilitaka ulale pazuri, mama."

"Najua. Ernestina, tangu Alhamisi umenieleza habari za Alfredi, na za katibu, na za mhuri, na za basi. Zote nimezisikia." Akamgeukia. "Hujanipa pole."

Ernestina alifungua mdomo kubisha. Akazirudia siku zile kichwani, moja moja: Alhamisi pale kwenye jiwe, Ijumaa ofisini, jana chini ya bendera, jana bombani. Akatafuta na hakuona. Alikuwa amelia kwenye lori mpaka kamasi, lakini kilio kile alikiona dereva wa mchanga peke yake.

"Pole, mama," alisema. Lilitoka jembamba, kama neno la mpita njia, na akaona haya mwili mzima.

"Asante, mwanangu."

Kisha Hilaria akaanza. Aliyefiwa huulizwa ilikuwaje, naye husimulia. Anakuja mwingine, anasimulia tena, mara ishirini, mara hamsini, mpaka jambo lile linabebeka. Kwa Hilaria hakuna aliyekuja kuuliza. Alikuwa nalo lote, zima, tangu Jumatano.

"Ile Jumapili ulipoondoka, aliamka na joto. Nikasema ni mafua. Akacheza kidogo na kuku, halafu akaja akalala kwenye miguu yangu, mchana, yeye ambaye halali mchana. Jumatatu vipele vikatoka nyuma ya masikio. Baba yako akasema anampelekea Alfredi fomu, nikamwambia fomu itasubiri, nishikie mtoto nikatafute majani."

Barabarani basi likapiga honi. Ernestina akageuza macho mlangoni.

"Jumanne akakataa uji," Hilaria aliendelea. "Nikamwekea sukari, ile ya wageni. Akaonja, akanirudishia kijiko mkononi. Kwa adabu, Ernestina. Kama mtu mzima aliyeshiba."

Watu wa pale mpaka leo wanabishana kama Hilaria aliisikia ile honi. Wapo wanaosema alimzuia binti yake makusudi. Mimi nasema aliisikia, na nasema vilevile kwamba hakuweza kusimama. Ungeweza kumwomba anyamaze vilevile kama unavyomwomba mwenye uchungu wa kuzaa asubiri kidogo. Na Ernestina, aliyekuwa hodari wa hesabu, alihesabu: hatua mia mbili mpaka barabarani, dakika mbili akikimbia. Angeweza kusema, nitakusikiliza nikirudi. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Akamtazama mama yake usoni, na yakashindwa kutoka. Akakaa chini kwenye mkeka, akaishika miguu ya mama yake.

Honi ikapigwa tena, ndefu, ikanyamaza, ikapigwa ya tatu.

"Usiku ule hakulia kabisa," alisema Hilaria. "Ningejua kwamba ni vibaya asipolia. Mimi nilifurahi. Nikasema amepata nafuu, nikalala. Nililala, Ernestina! Mama gani huyo?"

"Ulikuwa umechoka, mama."

"Nililala."

Sasa Ernestina alikuwa analia, safari hii mbele ya mfiwa mwenyewe, na Hilaria akawa anampapasa kichwa huku anasimulia. Nje injini ilinguruma, ikapanda kilima upande wa Mbulu, ikafifia. Kwenye orodha ya chuo wa akiba alikuwa amekwisha kupata nafasi, ingawa yeye mwenyewe, popote alipokuwa, alikuwa bado hajui.

Mlango ukafunguliwa. Bura alisimama pale na mzigo kichwani, anahema. Alimtazama binti yake, akamtazama mkewe, akautua mzigo taratibu, kwa mikono miwili.

"Nimemwambia dereva unafunga viatu," alisema. "Akasubiri. Abiria wakaanza kupiga kelele, nikamwambia anakuja, anafunga viatu. Akasubiri tena."

Alibaki amesimama, mikono haina kazi. Kidevu kikaanza kumtetemeka.

Hilaria alisogea pembeni, akampisha nafasi kwenye mkeka.

"Nimefika ile Jumatano asubuhi, alipotaka maji," alimwambia. "Kaa. Ulikuwepo. Nikikosea, unisahihishe."